Kaunta, Aibu na Tafsida: Ujuzi wa Wafamasia wa Mtaani katika Kutibu Magonjwa ya Zinaa

Utangulizi

Mtu anayeugua kikohozi humweleza muuza dawa shida yake kwa sauti, hata wakiwapo wateja watatu nyuma yake. Anayetokwa na usaha hungoja hao watatu watoke kwanza. Na wasipotoka upesi, hununua dawa ya kikohozi akaenda zake. Tofauti hii ya mwenendo inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoamua iwapo magonjwa ya zinaa yatatibiwa ipasavyo katika mitaa yetu au la.

Duka la dawa, ambalo Wakenya wengi huliita kemisti, ni mojawapo ya milango ya kwanza inayobishwa na watu wenye dalili za magonjwa haya. Halina foleni ya alfajiri, halidai kadi wala jina, aghalabu hubaki wazi hadi usiku, na humpa mnunuzi kiasi cha dawa kinacholingana na alichonacho mfukoni. Zaidi ya yote, mpita njia hawezi kujua aliyeingia mle amefuata nini. Ndiposa swali la kile anachokijua mfamasia wa mtaani kuhusu magonjwa ya zinaa si suala la watu wa tiba pekee. Ujuzi huo una pande mbili: kuijua dawa na kujua kuuliza. Upande wa kwanza hufundishwa vyuoni na kutahiniwa. Upande wa pili hupitia katika lugha, na humo ndimo mambo yanamoharibikia zaidi.

Ukubwa wa tatizo hauhitaji kutiwa chumvi. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka wa 2020 pekee ulishuhudia maambukizi mapya yapatayo milioni 374 ya magonjwa manne ya zinaa miongoni mwa watu wa umri wa miaka 15 hadi 49 ulimwenguni: trikomonasi milioni 156, klamidia milioni 129, kisonono milioni 82 na kaswende milioni 7.1. Yote manne yana tiba. Hata hivyo, klamidia na kisonono visipotibiwa huweza kupanda hadi kwenye mirija ya uzazi na kumwachia mwanamke utasa, huku kaswende ya mama mjamzito ikiweza kuiharibu mimba au kumfanya mtoto azaliwe mfu. Vidonda na uvimbe wa sehemu za siri hurahisisha pia uambukizaji wa virusi vya Ukimwi.

Nani yuko nyuma ya kaunta?

Mteja huwaita wote 'daktari'. Sheria huwatofautisha. Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244 ya Sheria za Kenya, ambayo asili yake ni mwaka wa 1957, inamtambua mfamasia mwenye shahada na mteknolojia wa famasia mwenye diploma, na Bodi ya Famasia na Sumu ndiyo huwasajili na kuyapa maduka leseni. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kuwafunza wafamasia mwaka wa 1974. Kwa miaka mingi wateknolojia wamekuwa wakitoka hasa katika Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya, KMTC. Kuna pia mtu wa tatu ambaye sheria haikumkusudia: msaidizi aliyeajiriwa kufagia na kupanga rafu, na ambaye mwenye duka anapotoka huvaa koti jeupe akahudumu. Kadhalika, viuavijasumu, yaani zile antibiotiki, ni dawa za kuuzwa kwa cheti cha daktari. Kila anayeishi Kenya anajua jinsi sharti hilo linavyotimizwa.

Kwa hivyo, tunapozungumzia ujuzi wa wafamasia, tunazungumzia ujuzi wa watu watatu wasiolingana kwa elimu, waliofichwa na koti moja.

Kutibu kwa kufuata dalili

Mbinu inayoongoza tiba ya magonjwa haya nchini ni ile ya kutibu kundi la dalili badala ya kungoja majibu ya maabara. Shirika la Afya Duniani liliieneza mbinu hiyo, na Kenya ikaikumbatia katika miaka ya 1990. Mantiki yake ni nyepesi. Mwanamume anayetokwa na usaha huweza kuwa na kisonono, klamidia, au yote mawili, na macho hayawezi kuyatenganisha. Basi hupewa dawa za yote mawili siku hiyohiyo, kabla hajapotea. Mwenye kidonda hutibiwa kwa kuzingatia kaswende na malengelenge ya sehemu za siri, na pengine pangusa. Mwanamke mwenye maumivu chini ya kitovu huchunguzwa asije akawa na uambukizo wa mirija ya uzazi.

Faida ya mbinu hii iliwahi kuthibitishwa karibu na kwetu. Katika mkoa wa Mwanza, Tanzania, watafiti waliboresha tiba ya magonjwa ya zinaa katika zahanati na vituo vya afya vya vijijini, na matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 1995 yakaonyesha kwamba maambukizi mapya ya virusi vya Ukimwi yalikuwa yamepungua kwa takriban asilimia 40 yakilinganishwa na vijiji ambavyo havikuwa vimefikiwa. Utafiti mwingine wa Rakai, Uganda, uliochapishwa mwaka wa 1999, uliwagawia watu wote dawa kwa vipindi, wenye dalili na wasio nazo, na haukupata punguzo kama hilo. Sababu za tofauti hiyo zimejadiliwa sana na hazihusu dawa pekee. Yamkini hatua ambayo janga lenyewe lilikuwa limefikia katika kila mahali ilichangia. Hata hivyo, inafaa kukumbuka kwamba waliotibiwa Mwanza walikuwa watu waliojileta wenyewe wakiwa na dalili. Hao ndio haohao wanaosimama mbele ya kaunta ya kemisti.

Mbinu hii ina udhaifu wake, na mfamasia mwenye ujuzi huujua. Majimaji yasiyo ya kawaida ukeni mara nyingi hayatokani na ugonjwa wa zinaa kamwe, bali na kuvurugika kwa bakteria wa kawaida wa uke au na fangasi. Mwanamke akiambiwa ana ugonjwa wa zinaa kwa sababu ya fangasi, ndoa yaweza kuvunjika bure. Kwa upande mwingine, wanawake wengi wenye klamidia hawana dalili yoyote, na asiye na dalili haingii dukani.

Mtego mkubwa zaidi ni wa kaswende. Kidonda chake cha kwanza hakiumi, na hupona chenyewe baada ya wiki chache hata kisipotiwa dawa yoyote. Muuzaji asiyejua hili humpa mteja malhamu ya kupaka, kidonda hupona, mteja hurudi kushukuru na kuwaleta marafiki. Ugonjwa wenyewe hubaki mwilini, na miaka mingi baadaye huweza kuuvamia moyo au ubongo. Tiba yake ni sindano ya penisilini ya benzathini, yuniti milioni 2.4, ambayo si ghali. Ni nadra kwa ujinga kupata sifa nyingi kiasi hicho.

Ujuzi unaochacha

Kuijua dawa si jambo la kujifunza mara moja. Kijidudu cha kisonono ni mwanafunzi hodari kuliko wengi wanaokiwinda. Kufikia mwaka wa 1976 kulikuwa kumegunduliwa aina zake zenye uwezo wa kuivunja penisilini. Tetrasaiklini nayo ikadhoofika. Ikaja siprofloksasini, kidonge kimoja cha miligramu 500, ambacho kwa muda kilikuwa fahari ya kila kaunta kwa kuwa hakikuhitaji sindano wala wiki nzima ya kumeza. Utafiti uliochunguza sampuli za Nyanza zilizokusanywa katika miaka ya 2000 ulionyesha usugu dhidi ya dawa hiyo ukipanda. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka wa 2016 uliacha kabisa kupendekeza dawa za jamii hiyo kwa kisonono, ukategemea seftriaksoni ya sindano au sefiksimu ya kumeza.

Mtu aliyehitimu mwaka wa 2000 na asiyefungua mwongozo tena atakuwa akiuza siprofloksasini kwa imani kamili. Hadanganyi, anakumbuka vizuri sana kitu ambacho si kweli tena.

Kipimo nacho kina balaa lake. Doksisaiklini kwa klamidia ni miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa siku saba, yaani vidonge kumi na vinne. Mteja mwenye pesa za vidonge sita huuziwa sita. Siku ya tatu maumivu hupungua, naye huhesabu kwamba alibahatika kuokoa fedha. Aidha, dawa hiyo haifai kwa mjamzito, kwa hivyo muuzaji hana budi kuuliza swali ambalo msichana aliyeingia na shangazi yake hatalijibu kwa ukweli.

Watafiti wanaotaka kujua hali halisi hutumia njia mbili. Ya kwanza ni hojaji, ambapo mfamasia huulizwa angefanya nini. Ya pili ni mteja bandia, mtu aliyefunzwa kuigiza ugonjwa na kuingia dukani bila kujulikana. Hojaji hupima kumbukumbu; mteja bandia hupima tendo. Mwaka wa 2013 kulichapishwa utafiti uliolinganisha tiba ya usaha wa mrija wa mkojo katika maduka ya dawa, kliniki za kibinafsi na vituo vya serikali vya pwani ya Kenya, na mojawapo ya hitimisho zake ilikuwa kwamba fursa nyingi za kuzuia virusi vya Ukimwi zilikuwa zikipotea. Mtu anakuja na dalili inayoonyesha kwamba amefanya ngono bila kinga, anapewa vidonge, anaondoka. Hakuna aliyemtajia kipimo.

Tafsida inapogeuka kuwa ugonjwa

Wanafunzi wa fasihi na isimu huifahamu tafsida kama uteuzi wa maneno ya adabu mahali pa maneno makali. Vitabu vingi huishia hapo, kana kwamba tafsida haina gharama. Kwenye kaunta ya dawa ina gharama.

Tuchukue mfano ulio maarufu kuliko yote leo. Kijana huingia akasema, "Daktari, nina UTI." Herufi hizo tatu za Kiingereza, zinazomaanisha uambukizo wa njia ya mkojo, zimekuwa stara ya taifa zima. Hazimtaji mtu wa pili, hazitaji kitanda, na mama mkwe anaweza kuzisikia. Lakini uambukizo wa kawaida wa njia ya mkojo una dawa zake, na dawa hizo si tiba ya kutegemewa kwa kisonono. Muuzaji akilipokea neno la mteja kama utambuzi wa ugonjwa, ameshatibu tafsida na kuuacha ugonjwa. Mfamasia anayejua kuuliza atasema, "Mkojo wenyewe unachoma tu, ama kuna kitu kinatoka hata wakati hukojoi?" Swali hilo moja lina thamani ya nusu ya mwongozo.

Pwani, tafsida huweza kuchukua njia nyingine. Kichocho kimeenea katika sehemu za Kwale, Kilifi na Tana River, nacho husababisha kukojoa damu. Ni ugonjwa wa maji ya mtoni na vidimbwini, hauna aibu. Aliye na kisonono anaweza kuona ni heri aseme ana kichocho. Dawa ya minyoo ya kichocho haitamwondolea usaha.

Neno 'uchafu' linastahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Wanawake wengi, na hata vipeperushi vya afya, husema 'kutokwa na uchafu ukeni'. Neno limechaguliwa kwa heshima, lakini Kiswahili kina kumbukumbu: kilicho kichafu huoshwa. Basi mwanamke hujiosha ndani kwa sabuni au dawa ya kusafishia, na kwa kufanya hivyo huwavuruga wale bakteria wa kawaida wanaomlinda, hata tatizo likazidi. Istilahi imekuwa sehemu ya chanzo cha maradhi. 'Majimaji yasiyo ya kawaida' ni refu na halina utamu, ila halimtumi mtu kwenye sabuni. Neno la kale 'utoko' linamaanisha ute wa uke wenyewe, bila hukumu yoyote, lakini ni wachache mijini wanaolitumia.

Hata jina la jumla lina hukumu ndani yake. 'Zinaa' ni ngono nje ya ndoa. Mke aliyeambukizwa na mumewe, naye hajawahi kutoka nje, hupewa jina la dhambi asiyoitenda pamoja na vidonge vyake. Kiingereza kiliwahi kuyaita magonjwa haya kwa jina lililotokana na Venasi, mungu wa kike wa mapenzi wa Warumi, kikaliacha na kuchagua jina linaloeleza tu jinsi yanavyoenezwa. Kiswahili kilionyesha kwamba kinaweza kufanya hivyo kilipounda 'Ukimwi', jina linaloeleza kilichopungua mwilini na lisilosema mtu alikuwa wapi usiku. Kwa yale magonjwa mengine bado hakijafanya.

Nyuma ya zinaa kuna 'tego', ugonjwa unaosadikiwa kumnasa aliyemwendea mume au mke wa mtu aliyewekewa kinga ya kiganga. Anayeamini ametegwa hana sababu ya kumaliza vidonge. Anayehitaji ni mganga wa kumtegua. Mfamasia akimcheka amempoteza. Akimwambia amalize dozi kwanza, hayo mengine yafuate, huenda akamwokoa yeye na wale atakaokutana nao.

Yote haya yanazidishwa ugumu na kwamba mfamasia amefunzwa kwa Kiingereza. Dalili amezisoma kwa Kiingereza, miongozo ni ya Kiingereza, na mtihani aliufanya kwa Kiingereza. Anapokabiliana na mteja anayezungumza Kiswahili, Sheng au lugha ya mama, hufasiri papo hapo, kila mmoja kwa namna yake. Katiba ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, lakini kwenye kaunta urasmi huo haujafika. Mteknolojia wa miaka ishirini na mitatu atamwulizaje mzee wa umri wa baba yake kuhusu ngono? 'Kujamiiana' ni neno la kitabu. 'Kulala na mtu' ni la adabu lakini lina maana mbili. 'Kukutana kimwili' hueleweka, na linamhifadhi mzee heshima yake, hasa likitanguliwa na "Shikamoo, mzee" na sauti ya chini. Haya si mapambo. Anayekosa neno huacha kuuliza, na asiyeuliza hubahatisha.

Linaloweza kufunzwa

Inatia moyo kwamba ujuzi huu hufunzika. Nchini Peru, mradi uliohusisha miji 20, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka wa 2012, uliwafunza wahudumu wa maduka ya dawa kutibu kwa kufuata dalili, pamoja na hatua nyingine za jamii, na maambukizi yakapungua kwa kiasi, hasa miongoni mwa wanawake wanaofanya biashara ya ngono. Hapa Kenya, vifaa vya kujipima virusi vya Ukimwi vimekuwa vikiuzwa katika maduka ya dawa tangu mwaka wa 2017, kwa hivyo muuzaji anayemwona mtu mwenye usaha ana kitu cha kumpa mkononi badala ya ushauri mtupu.

Lakini mafunzo yakitolewa kwa lugha ya kitabu cha tiba, yatazalisha watu wanaofaulu hojaji na kushindwa na mteja bandia. Wanaoweza kusaidia wako katika idara za Kiswahili, wakiandika tasnifu juu ya tafsida katika nyimbo na riwaya. Orodha ya maswali kumi, yaliyojaribiwa Mombasa, Nakuru na Kakamega, yakaonekana kueleweka bila kumtia mtu aibu, ingekuwa tasnifu yenye manufaa kuliko nyingi.

Hata maandishi ya bahasha ya dawa yangefaa kuchunguzwa. '2 x 1' ni hesabu kwa mmoja na fumbo kwa mwingine. 'Kutwa mara mbili' huandikwa kwa maana ya saa ishirini na nne, ilhali 'kutwa' kwa mzungumzaji mzawa ni mchana tu, toka macheo hadi machweo. Anayeitii lugha huweza kumeza vidonge vyote viwili kabla ya jua kutua na kukaa usiku kucha bila dawa.

Na kuna lile agizo la mwisho, ambalo bila hilo tiba yote huwa kazi ya kuteka maji kwa pakacha: aliyeambukiza au kuambukizwa atibiwe pia. Aghalabu husemwa hivi: "Mwambie mwenzio naye aje." Ni sentensi ya heshima, haina lawama. Ila imo katika umoja. Mteja mwenye wawili au watatu husikia mmoja, humleta yule wa nyumbani, na wale wengine hubaki walivyo. Mfamasia akisema "wenzio", amemshtaki. Wapo walioivuka sentensi hiyo kwa kutotaja idadi kabisa: humfungia mteja karatasi tatu ndogo zenye jina la duka na saa za kufunguliwa, wakamwambia, "Umpe yeyote unayeona inamfaa." Karatasi mbili zikirudi, hakuna aliyeulizwa lolote.